Okomo na Josho la Kuogeshea Boti

MAFUTA YALIBAKI! Jamani, yalibakiii! Boti ilitoka Pasiansi asubuhi, ikazunguka visiwani, ikarudi imejaa sangara, na petroli bado inacheza kwenye dumu, chubwi, chubwi. Okomo alilitikisa dumu karibu na sikio kama anasikiliza mpira redioni, akacheka mpaka akakaa chini kwenye matope na suruali yake nzuri.

Sasa usimwone anacheka. Wiki nzima kabla ya hapo hata ugali ulikuwa haupiti.

Ilikuwa mwaka tisini na sita. Biashara imefunguliwa, viwanda vya minofu vimeota kando ya ziwa kama uyoga, na kila mwenye uwezo ananunua injini, anaipachika nyuma ya boti na kukimbilia samaki visiwani. Mama Ng'washi wa Pasiansi, aliyeanza na kuuza dagaa kwa kisado, naye alikuwa na boti yake. Dereva wake ndiye huyu Okomo, mtu wa Shirati, fundi wa kuzaliwa. Ukimwashia injini akiwa amefumba macho, anakwambia plagi ipi inaumwa.

Tatizo lilikuwa petroli. Boti za wenzake zenye injini kama ileile zilikwenda na kurudi kwa dumu moja. Yake inamaliza dumu, halafu wanaanza kuomba njiani kama yatima. Mama Ng'washi akakata shauri: Okomo anauza mafuta.

Basi mama akaanza kusafiri mwenyewe. Alikaa nyuma kabisa, kando ya injini, nyuma ya sanduku la barafu, dumu kalibana katikati ya miguu. Na Mama Ng'washi alikuwa mama kweli, siyo wa kukadiria. Akikaa kwenye benchi la watu watatu, wawili wanasimama wenyewe bila kuambiwa.

Cha ajabu, mafuta yakazidi kuisha!

"Okomo."

"Naam, mama."

"Dumu nimelibana mimi mwenyewe kwa miguu yangu, na bado yameisha. Unayaibaje?"

"Mama, mimi ningekuwa na dawa ya kuiba mafuta miguuni kwako, leo ningekuwa bado naendesha boti?"

"Mdomo huo! Sikiliza. Jumamosi yakiisha tena njiani, injini nampa Alexander."

Alexander ni mpwa wake, kijana ambaye plagi na kizibo cha soda kwake ni ndugu. Okomo ana mke nyumbani na watoto wanne. Na zaidi ya kazi kuna jina. Mwalo mzima, pale pwani boti zinaposhushia samaki, ungemwita mwizi, na mwalo ukishakupa jina, unazikwa nalo.

Jumatatu akatumwa Kigongo kufuata samaki. Amesimama pale anasubiri, kivuko kinapakia, akaona lori la pamba limeingia na kusimama mwishoni tu. Kivuko kikainua pua juu. Mpanga magari wa kivuko, filimbi shingoni, akapiga kelele, "Songa mbele wewe! Unataka kivuko kikae kitako?" Lori likasogea katikati, kivuko kikalala sawa.

Okomo akaganda. Kitako! Hata boti yao inakwenda imekaa kitako! Pua angani, makalio majini, na propela imeinamia chini, badala ya kusukuma maji kurudi nyuma inayasukuma kwenda chini. Petroli inachomwa kuburuza maji.

Lakini nani atamwamini? Simu ya kumtafutia jibu hakuna. Ikabidi alitafute mwenyewe.

Rafiki yake Masalu alikuwa mlinzi wa josho kule Buhongwa. Kama hulijui josho, ni mfereji wa saruji, mrefu, mwembamba, wenye kina, ng'ombe wanaogelea humo kwenye dawa ya kupe. Tangu serikali iache kutoa dawa, josho lilibaki na maji ya mvua tu. Halina wimbi wala upepo.

Okomo akachonga kiboti cha urefu wa mkono, umbo lilelile la boti yao. Akakifunga kamba, kamba ikapita juu ya kigurudumu kitupu cha uzi wa cherehani kilichopachikwa kwenye nguzo, mwisho wake kopo la kokoto. Kopo likishuka, kiboti kinavutwa, kila mara kwa nguvu ileile. Mizigo ilikuwa vyuma: barafu misumari mitano, yeye mmoja na nusu, na vinginevyo.

Saa hawana. Masalu akasema, "Nitakuhesabia."

"Kwa namba?"

"Namba ni mkosi kwa mifugo. Mimi nahesabu kwa ng'ombe." Na kweli, kila jioni aliwaita ng'ombe wake kwa majina, mmoja mmoja, kwa mwendo usiobadilika hata siku moja.

Kopo likaachiwa. "Mabaka! Nyota! Kipara! Mkia-mfupi!..." Mizigo yote ikiwa nyuma, kiboti kilifika mwisho kwa ng'ombe wa kumi na nne. Wakamwacha dereva nyuma, mingine wakaisogeza mbele kidogo tu ya katikati: ng'ombe wa tisa! Wakarudia mara sita, tisa ileile. Wakajaza yote puani, kiboti kikapiga mbizi. "Kimezama, na bado nina ng'ombe kumi!" Masalu akalia.

Wapita njia wakasimama. "Siku hizi boti nazo zina kupe?"

Ijumaa Okomo akamwomba Mama Ng'washi aje aone. Akaja, akasimama juu ya josho, mikono kiunoni.

"Hii misumari ni nini?"

"Barafu, mama."

"Na huu?"

"Huo mimi."

Nyuma kabisa ya kiboti palikuwa na nati moja kubwa ya trekta. "Na hii?"

Okomo akaangalia mawingu. "Hiyo... ni mzigo wa nyuma."

"Mzigo wa nyuma unaitwa nani?"

Okomo akajishughulisha na kukaza kamba. Shati lote limelowa jasho. Masalu, ambaye kwa mama huyu hakuwa na kazi ya kupoteza, akajibu, "Ndiyo wewe, mayu, mama yangu."

Mama Ng'washi akainama, akaipima ile nati kwa kiganja. "Mmenipunja," akasema. "Mimi ni mkubwa kuliko hiyo." Halafu, "Haya, vuta nione."

Wakavuta, ng'ombe kumi na nne. Okomo akasogeza sanduku na nati mbele. Ng'ombe tisa. Mama Ng'washi, mtoto wa wafugaji, akawapanga ng'ombe hao kichwani.

"Kwa hiyo kila safari nakaa juu ya ng'ombe watano wazima."

"Ndiyo, mama."

"Na nimekaa pale nikulinde wewe."

"Ndiyo, mama."

Jumamosi asubuhi sanduku lilikuwa limeshasogezwa, Mama Ng'washi amekaa mbele ya katikati, dumu liko nyuma kwa Okomo. Lakini hajaligeuzia kisogo bure, alilifunga mfuniko kwa mafundo matatu ya kitambaa chake, ukabaki nje mpira tu wa kunyonyea wa injini. Boti ikalala sawa, ikaanza kukata maji. Mawimbi yote yakaishia kwake. Alilowa kilemba mpaka viatu, na kila wimbi likimpiga anauliza, "Okomo, bado yapo?"

"Yapo, mama!"

Waliporudi Pasiansi, mafundo matatu yako vilevile na dumu linacheza. Mwalo mzima unatazama. Mama Ng'washi akashuka anachuruzika maji, akapaza sauti wote wasikie:

"Huyu si mwizi! Mwizi nilikuwa mimi, na nilikuwa najiibia!"

Watu walicheka wiki nzima, lakini jina la Okomo likasafika siku ileile. Baadaye madereva wengine walimfuata, na Okomo alimpeleka kila mmoja Buhongwa na misumari yake. Alexander naye alikuja. Alipewa kazi ya kushika kopo.

Ukishaisoma, tafadhali mtumie na mwenzio, hasa mwenye boti.