Kiu Iliyodhaniwa Mimba

Wakati wa Mwingereza, mwaka uliofuata baada ya kuolewa kijijini Ndalambo, nilianguka korongoni na mzigo wa kuni, kisogo kikapiga mwamba. Nilikaa siku mbili bila fahamu. Mume wangu alikuwa ng'ambo, kwenye migodi ya shaba, huo ukiwa mwezi wa nane tangu aondoke, kwa hiyo aliyenikanda kwa maji ya moto alikuwa mama mkwe. Nalisema hilo mapema ili ijulikane hakuwa mtu mbaya. Ubaya wake ulikuwa kujua kuhesabu.

Nilipoinuka, niliinuka na kiu. Nilikunywa kata baada ya kata, mtungi ukaisha kabla ya jua kuzama, na nilichokunywa kikatoka vilevile, cheupe kama cha kisimani. Nikawa mtu wa kichakani na kurudi, kichakani na kurudi. Ada yangu ya mwezi nayo ikakatika. Tumbo likajaa maji likachomoza.

Mama mkwe akakaa kwenye kigoda, akahesabu kwa vidole. Mwezi hauonekani, haja ndogo haziishi, tumbo limechomoza, mume hayupo. Hesabu hiyo ina jibu moja tu.

"Sema ni ya nani," akaniambia, "tujue mashauri tunampelekea nani."

"Mama, ni maji tu."

"Maji hayakatizi mwezi wa mtu, mwanangu."

Tangu siku hiyo hakuna aliyepokea ugali mkononi mwangu. Nikifika kisimani, wanawake walinyamaza. Nikigeuka na mtungi, walicheka. Mimi ni mwepesi wa hasira, ningeweza kugombana nao wote, lakini ugomvi unataka mtu wa kukujibu, na wao hawakunijibu. Nilizoea kusema na mbuzi. Upweke ule uliniuma kuliko kisogo.

Mwalimu wa kanisa akaandika barua kwa niaba ya mama mkwe, ikabebwa na mtu aliyekuwa akienda migodini: mkeo ana mimba. Mwezi wa tisa wa mimba yao hiyo ukapita, na wa kumi, sikuzaa. Wakasema nimeitoa.

Baadaye sana, nimeshaota mvi, daktari mmoja alinichorea kwenye karatasi kichwa cha mtu. Chini kabisa ya ubongo akatia kidoa. Ni mahali padogo kama harage, alisema, panaitwa haipothalamasi. Pale ndipo panapoamuru kiu, njaa, usingizi na joto la mwili. Ndipo panapopeleka habari kwenye figo zisimwage maji ovyo, na kwenye tumbo la mwanamke lishike mwezi wake. Kwangu pamepigwa. Akanipa unga wa kunusa puani kama ugoro, kiu ikashuka. Nilicheka kwa uchungu. Shahidi wangu alikuwa ndani ya kichwa changu siku zote, na hakuna baraza lingeweza kumwita.

Lakini wakati ule sikuwa na shahidi. Mume wangu akaja adhuhuri moja, kashuka kwenye lori Tunduma, kwingine katembea. Nikapiga magoti kumwamkia. Yeye akatazama mlangoni, nyuma yangu.

"Yuko wapi?"

"Nani?"

"Mtoto." Akafungua sanduku, akatoa blanketi dogo la sufu, jipya. "Barua ilinikuta nina homa. Nimekaa nayo mpaka mkataba ulipoisha. Mwishoni nikasema, baba yake awe yeyote, amezaliwa nyumbani kwangu, ni wangu. Nimekusamehe, mke wangu."

Nikamwambia yote, tangu mwamba. Nikamketisha hapo uani mpaka jua likazama, aone kwa macho yake ninavyokunywa na ninavyokwenda kichakani. Akaona. Akaniamini. Kwa karibu mwaka mzima nilikuwa nimemngoja mtu mmoja tu wa kuniamini, na nilidhani siku hiyo nitapiga vigelegele.

Yeye akalikunja lile blanketi mara nne, taratibu.

"Kwa hiyo hakuwapo kabisa?"

"Hakuwapo."

Akalia kama mtu aliyefiwa. Nilisimama pale na kata mkononi, mwenye haki, kesi nimeshinda, nikatamani ningekuwa na hatia.