Mdila wa Baba Kando ya Mfereji wa Liwan

Safari yangu ya tisa ya Guangzhou sikuifunga kwa ajili ya viatu peke yake. Ndani ya sanduku, nimeuviringisha kwa kanga mbili, nilibeba mdila wa baba, birika refu la shaba analouzia kahawa mtaani kwetu Unguja tangu mimi sijazaliwa. Ulikuwa unavuja pale mdomo unapoungana na tumbo. Fundi wetu wa kulehemu alishafariki, na aliyejaribu baada yake alilipanua tundu. Nikamnunulia baba chupa mbili za chai za kisasa. Alishukuru, akazipanga kabatini, akaacha kutoka. Miezi mitatu alikaa ndani kama mgeni nyumbani kwake, na mimi niliingiwa na hofu. Mzee akiachishwa kazi anayoipenda hakai sana.

Sanyuanli, mtaa wa Guangzhou tunakofikia wafanyabiashara, siku nne za mwanzo, kila mwenye duka niliyemwonyesha mdila alicheka. "Mei you," hakuna fundi, tupa hiyo, nikuuzie mpya dazeni nzima! Aliyeniokoa ni Mado, mfanyabiashara wa Lubumbashi ninayepanga naye chumba. Aliwahi kupita mtaa wa wafua shaba, huko Liwan, kwenye mji wa kale.

"Kesho tunaenda, dada Salma," akasema. "Kesho kutwa weye unapanda ndege. Bon, hakuna siku ingine."

Saa tatu asubuhi tulipanda metro, mdila mapajani mwangu. Safari nane nzima nilikuwa naijua Guangzhou ya maboksi na ofisi za mizigo tu. Tuliposhuka Liwan na kukata kona mbili, nilisimama mdomo wazi. Mfereji wa maji ya kijani ulipita katikati ya nyumba, na madaraja madogo ya mawe yamejipinda juu yake. Vioo vya madirisha vilikuwa vyekundu, buluu na manjano. Milango ilikuwa ya fito nene za mbao zilizolala, unaivuta kutoka pembeni ikafunga, upepo uingie na mwizi abaki nje. Chini ya miti bibi watatu walikuwa wakiimba, mmoja akipiga zeze la nyuzi mbili, na hakuna aliyekuwa akiuza kitu. Niliona haya. Miaka yote hiyo watu nyumbani wakiniuliza China ikoje, nami nawajibu bei ya viatu.

Kabla ya adhuhuri tuliingia mtaa wa shaba, kwa kufuata mlio wa nyundo. Fundi alikuwa mzee mwembamba, miwani imemshuka puani. Aliugeuza mdila, akaugonga kwa ukucha, akausikiliza. Kisha akataja bei.

Haikuwa kubwa. Lakini ulimi uliozoea soko la jumla la Liuhua haunyamazi. "Tai gui, laoban!" nikasema, ghali mno, bosi, nikamtajia nusu. Akanirudishia mdila kwa mikono miwili. Nikafanya tunavyofanya sote: nikauchukua, nikageuka, nikaondoka polepole, nikingoja kuitwa "rafiki, njoo, njoo". Nikafika darajani. Nyuma yangu nyundo ikaendelea na kazi yake.

"Uko unangojea nini?" Mado akauliza.

"Ataniita."

"Hatakuita, dada. Hapa si Liuhua hapa. Mule kuko mutu, si duka."

Nilitazama maji. Kiburi changu kilikuwa kinanidai nisonge mbele, na kesho yake nilikuwa na ndege. Nikarudi, nikainamisha kichwa, nikaomba radhi kwa Kichina changu cha sokoni. Mzee akaisemea simu yangu ya kutafsiri, nayo ikanisomea kwa Kiswahili: "Ukitaka nipunguze bei, niambie nipunguze nini. Risasi ya kulehemu, au nyundo?"

Nikamwonyesha picha ya baba amekaa na mdila wake. Aliitazama sana, akauliza miaka ya baba, akacheka: yeye amemzidi miwili. Akatusogezea vigoda, akawasha moto.

Kazi ilichukua saa mbili na nusu. Aling'oa uchafu wa fundi wa pili huku akinung'unika, akakata kipande cha shaba, akakifua kikawa chembamba, akakilehemu. Kisha akajaza maji, akausimamisha mdila juu ya gazeti, akatumiminia chai. Mado aligonga meza kwa vidole viwili, ndiyo asante yao, nami nikamwiga. Tukanywa vikombe vinne tukilikodolea macho gazeti. Lilibaki kavu. Nilimlipa bei yake kamili kwa furaha, na nilitamani anidai zaidi.

Unguja nilifika siku ya tatu, mchana. Baba akajaza maji, akangoja, akapapasa kiungo kwa kidole gumba.

"Alikutoza ngapi?"

Nikamwambia.

"Ulimwomba apunguze?"

"Nilijaribu, baba."

"Umenitia aibu kwa mtu wa watu," akasema, akaingia chumbani kwake.

Tangu siku ile naijua tofauti ya bei na thamani ya mkono wa mtu, na sokoni bado nabishana kama kawaida, lakini kwa fundi nafunga mdomo. Asubuhi iliyofuata nilikwenda kumwamkia baba nikakuta kitanda kimetandikwa. Nikafungua dirisha. Kutoka mwisho wa uchochoro ulikuja mlio wa vikombe vya kahawa vikigonganishwa, kah-kah, kah-kah, na sauti yake ikimkaripia mtu aliyechelewa kuja kunywa.