Taa za Lori Jekundu

Mtaani walimwita Mama Pini, kwa kuwa anaposhona alibana pini midomoni, na ukimsalimia alikujibu kwa pua. Alikuwa fundi cherehani wa maneno machache na sala nyingi. Mumewe aliendesha malori mpaka mgongo ukamgomea, na sasa aliendesha lori la kwenye kompyuta. Majirani hawakumwacha.

"Mzee karudi utotoni! Leo umepeleka mzigo gani?"

"Nimepeleka akili zenu kwa fundi," aliwajibu.

Hawakujua kwa nini anacheza. Binti wa Mama Pini na mumewe, kifungua mimba, alikuwa nchi ya mbali akimlea mtoto wa tajiri. Kwa simu yake ya mwisho alimnong'oneza baba yake kwamba bosi anataka kumnyang'anya simu, na kweli alimnyang'anya. Ila mtoto yule alipenda mchezo wa malori wa mtandaoni, na kila alasiri yaya wake alilazimika kucheza naye. Basi katika simu hiyohiyo baba na binti walikuwa wamepatana. Taa kubwa mara mbili: niko salama. Taa za hatari, zile za rangi ya chungwa pande zote mbili: niko taabuni, nitoeni. Baba naye angejibu kwa taa kubwa mara mbili: tumekuona.

Ofisi inayohudumia wafanyakazi walio nchi za nje ilikuwa imeshawaambia, "Leteni neno lake mwenyewe, watu wetu wa kule watakwenda kubisha hodi kwa bosi. Kwa wasiwasi wa mzazi tu, hatuwezi."

Kwa muda mrefu lori jekundu la binti lilikuja na taa kubwa, na Mama Pini alishusha pumzi akamshukuru Mungu. Wiki hii mambo yaliharibika. Lori lilikwama, likaruka, likatokea mbele kama limerushwa. Jana waliona mwanga wa chungwa upande mmoja, kisha picha ikaganda na lori likapotea.

"Alikuwa anakata kona," alisema mzee.

"Au ni taa za hatari tukaona nusu."

Chakula kililala mezani bila kuguswa.

Leo wakamwita fundi wa mtandao, msichana mpole aliyewawekea intaneti, wakamweleza yote. Alisikiliza, kisha akamgeukia Mama Pini.

"Mama, mchezo haupiti kwenye waya mzimamzima. Unakatwa vipande, kama unavyokata kitambaa, ukifika unaungwa. Vipande vikipotea, lori linaruka. Sasa tutafute vinapotelea wapi. Humu ndani, njiani, au huko kwake."

Mama Pini alitema pini zote kiganjani, akafumba macho. Hakuwahi kudhani angeomba ombi kama lile: Ee Mola, ubovu na uwe kwetu. Maana ukiwa kwa binti, nani ajuaye ni mkono wa nani unaochomoa waya kule?

Fundi alizima simu zote za nyumba. Akatuma vipande vya majaribio kutoka kwenye kompyuta hadi kwenye kile kisanduku cha intaneti.

"Vinarudi vyote."

Akatuma mbali, hadi kwenye mtambo wa mchezo wenyewe.

"Vinarudi vyote. Kwenu hakuna tatizo."

"Hakuna?" aliuliza mzee. "Basi ni wapi?"

"Imebaki huko kwake," alisema fundi.

Mama Pini akafanya alichozoea kufanya akiogopa: alikaa kwenye cherehani, akakanyaga pedali, akashona mkono wa shati uliokwisha kushonwa. Meza ikatetemeka.

"Ngoja! Vimeanza kupotea!" Fundi aliruka. "Mama, umefanya nini?"

"Mimi? Nashona tu."

"Acha kidogo. Haya, vinarudi. Shona tena. Vinapotea!"

Fundi akapiga magoti chini ya meza. Waya wa kompyuta ulipita ukingoni mwa meza hiyo ya cherehani, umebanwa kwa pini zilizopangwa vizuri. Pini moja ilikuwa imeutoboa.

"Mama, umeupiga pindo waya wa intaneti!"

"Ulikuwa unaning'inia ovyo. Niliubana wiki hii nilipopanga chumba."

"Meza ikitikisika, pini inagusanisha nyaya za ndani. Na lori likija, wewe unakuwa unashona?"

"Kila siku. Ningeweza vipi kukaa bure?"

Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Kumbe anayenitoboa matairi ni mke wangu!"

Mama Pini naye alicheka huku machozi yakimtiririka. Ubovu ni kwetu! Alimshukuru Mungu kwa sauti, fundi akibadilisha waya.

Saa ya mchezo ikawadia. Lori jekundu likaja, laini kama maji. Likafika njia panda ambayo haikuwa na gari hata moja, likasimama kwanza, kama baba mtu alivyomfundisha binti yake zamani. Mtoto wa tajiri hasimami popote.

"Ni yeye," alisema mzee.

Mama Pini alimshika bega, akingoja taa kubwa.

Zikawaka taa za chungwa. Pande zote mbili. Zikazima. Zikawaka tena, wazi kabisa, bila kuruka hata mara moja.

"Labda kabonyeza kwa bahati mbaya," alinong'ona fundi.

"Huyu hakosei taa." Mzee aliwasha taa zake kubwa mara mbili: tumekuona.

Palepale zile za chungwa zikazimika. Lori jekundu likaondoka polepole nyuma ya lori la mtoto, kama hakuna kilichotokea.

Shukrani zilikuwa bado mdomoni mwa Mama Pini, naye hakujua azimeze au azimalizie. Alivuta mtandio wake kitini.

"Mwanangu, ile ofisi itakuwa wazi bado?"

"Tukikimbia, mama," alijibu fundi.

"Baba watoto, usibanduke hapo. Asije akageuka akatukosa."

Akatoka mbio, fundi akimfuata na ile pini bado mkononi.