Ubao Niliokata Upande

Nakumbuka siku ile nyumbani kwetu Mafinga, mwanangu, nilipokata ubao upande kwa makusudi, na bado nikajisifu. Cheka tu, hata mimi nacheka.

Dada yangu alikuwa ameolewa Mbeya, na mama, kwa sababu ya mguu uliokuwa ukimuuma, hakuweza kusafiri. Mwezi mzima aliisubiri video ya harusi. Nikaazima projekta nimwonyeshe sebuleni. Nikaiweka sakafuni, nikaiinua pua itazame juu, picha ikatoka pana juu na nyembamba chini. Unadhani niligusa mashine? Thubutu! Mimi fundi seremala, bwana, kijana wa kusifiwa. Nikakata plaiwudi ifuate umbo la picha hiyohiyo iliyopinda, nikaipaka rangi nyeupe, nikaizungushia fremu ya paina. Majirani wakapiga makofi.

Mama akakaza macho. "Huyu mwenye kichwa kama boga ndiye binti yangu?"

"Zoea tu, mama. Mashine ndivyo zilivyo."

Akageuza uso, machozi yakamtoka. Aibu ile ninayo mpaka leo.

Mzee Kalinga, fundi aliyenifundisha kushika randa, alikuwepo na kikombe chake cha chai. "We kijana! Kosa liko kwenye mashine, wewe unakata ubao? Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Nikabisha kwamba projekta si mlango wa kunyooshwa. Mzee akauondoa ubao wangu, akaipandisha mashine mezani, akaiwekea pima maji mgongoni aone usawa wake, akachomeka kipande cha paina chini ya mguu mmoja mpaka ikalala sawa na kuutazama ukuta uso kwa uso. Kupinda kidogo kulikobaki akakumalizia kwa kitufe cha mashine.

Mama akajikongoja hadi ukutani, akaugusa uso wa dada. "Ndiye," akasema. "Na wewe ulitaka nizoee!"

Mwanangu, neno hilo "zoea" nimelikataa tangu siku ile, na nitalikataa mpaka niingie kaburini. Watakuletea jambo lililopinda, wakuambie ulitengenezee fremu na unyamaze. Kataa! Tafuta lilipoanzia kupinda, ulinyooshe hapohapo. Na kama aliyelipinda ni wewe, kiri kabla hujamliza mtu. Wakikuita mbishi, itika.

Mungu akupe mkono ulionyooka na kifua cha kusema hapana. Na siku utakaposimama peke yako, ujue mzee wako yuko nyuma yako.