Mnyororo Chini ya Kitanda

Watu wakisikia kwamba Korogwe kulikuwa na uwanja wa gofu, hucheka. Nami huwaacha wacheke, maana nikianza kueleza nitafika mahali nisipopenda kufika. Leo nitafika.

Uwanja waliutengeneza wenye mashamba ya mkonge zamani za Mwingereza. Ulikuwa na mashimo tisa. Ukiyamaliza unayarudia, yanakuwa kumi na nane. Zile nyasi laini za kuzunguka shimo, ambazo nasikia kwingine huwa kama zulia, hazikukubali jua letu. Badala yake walimwaga mchanga, wakaulowesha kwa oili chafu ya mashine za kiwandani ili upepo usiupeperushe. Mahali hapo tulipaita brauni. Mpira wako ukishafika kwenye brauni, unaruhusiwa kuburuta ubao mara moja tu, kutoka kwenye mpira hadi shimoni, kusawazisha njia. Ukishaburuta, basi, kama umeharibu, umejiharibia mwenyewe.

Kabla ya Uhuru niliingia uwanjani mle na mnyororo wa kupimia mkononi, kwa sababu nilikuwa mpima ardhi, na wakubwa walitaka kujua urefu wa kila shimo. Baada ya Uhuru wanachama walianza kupungua, klabu ikahitaji watu wa kujaza nafasi, nikakaribishwa. Nilicheka nao vizuri, lakini sikusahau kwamba nilikaribishwa kujaza nafasi. Labda ndiyo sababu nilijifunza kwa hasira. Kwa miaka sita nilishusha hendikapu yangu kutoka kumi na nane hadi tano, na pale ikakwama.

Mke wangu aliniuliza hendikapu ni mdudu gani. Nilimweleza kwamba uwanja una hesabu yake, mapigo sabini na mawili kwa mzunguko kamili. Mchezaji ambaye hawezi kuifikia hesabu hiyo anapewa mapigo ya msaada. Mimi nilikuwa nasaidiwa matano. Mchezaji mzuri, nikamwambia, ni yule anayepunguza msaada. Alikuwa anapepeta mchele, akacheka bila kuinua uso, akasema hata gofu sasa imesikia habari za kujitegemea. Siku hizo neno hilo lilikuwa redioni asubuhi na jioni.

Ukutani mwa klabu kulikuwa na ubao wa mninga wenye majina ya wanachama na hendikapu zao. Waliokuwa na nne kushuka chini waliandikwa kwenye safu ya juu, kwa rangi nyeupe. Majina yalikuwa matatu, yote ya wageni, na wawili kati yao walikuwa wameshapanda meli. Nilitaka jina langu liwe la nne. Nasema waziwazi: nilitaka kuliko nilivyowahi kutaka cheo kazini.

Ili ushushwe, ulipaswa kuleta kadi tatu za mapigo sabini na sita au pungufu, kila moja imetiwa saini na mwanachama mwenye hendikapu aliyetembea nawe mzunguko mzima. Baada ya Azimio, serikali ilipochukua mashamba ya mkonge, wanachama wa namna hiyo walibaki wawili: mimi na fundi mkuu wa kiwanda. Alikuwa Mgiriki mzee aliyezaliwa hapa hapa Korogwe, na Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi ya Kisambaa zaidi kuliko cha mke wangu. Naye alikuwa anaondoka moja kwa moja na familia yake. Akishaondoka, hakuna wa kutia saini. Nilikuwa na miezi mitatu.

Udhaifu wangu niliujua kwa vipimo. Pigo refu halikuwa tatizo. Fimbo namba saba ilinipeleka minyororo sita na kitu, na jicho langu la kazini lilinipa umbali bila kubahatisha. Niliharibu ndani ya mnyororo mmoja wa mwisho, futi sitini na sita zile ambazo mtu yeyote anaweza kutembea huku anazungumza. Basi nikaenda gereji kuomba madebe mawili ya oili chafu, nikatengeneza brauni uani kwetu Masuguru, palepale mke wangu alipokuwa akianika mahindi. Siku tatu hakusema nami. Siku ya nne alihamishia mkeka wake upande wa jikoni, akaniambia niangalie watoto wasirudi ndani na miguu ya oili.

Kila alfajiri, nikishaswali, nilisukuma mipira mia moja kabla ya chai. Ikiwa tisini haikuingia kutoka hatua tatu, nilianza upya. Kazi yangu wakati ule ilinipeleka sana Handeni kupima vijiji vipya, na fimbo mbili nilizifungia pamoja na miguu ya darubini. Kwedizinga, ambako alikuwa anaishi mama yangu, nilikuwa nikimaliza kupima viwanja, nasimamisha kigingi kwenye tambarare, nakipigia mipira kutoka hatua thelathini mpaka giza liingie. Mfugaji mmoja wa Kimaasai alisimama akanitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza kwa adabu kama nimepoteza ng'ombe. Nilimwambia hapana. Akasema basi mbona natembea kama aliyepoteza.

Kadi ya kwanza nilipata sabini na tano. Ya pili sabini na sita kamili, na mpira wa mwisho ulizunguka mdomo wa shimo kabla ya kukubali. Ilibaki moja. Fundi mkuu akaniambia anakwenda Tanga siku kumi kushughulikia mizigo yake, atarudi Ijumaa, Jumamosi tutacheza, Jumapili atapanda treni. Tulishikana mikono.

Jumatano yake, mwenyekiti wa kijiji akaja ofisini. Klabu ilikuwa imefungwa kwa amri, na uwanja wote ulikuwa umegawiwa kwa kaya za waliokuwa vibarua wa mkonge na majirani zao, nusu heka kila kaya. Mke wangu alikuwa kwenye orodha. Masika yalikuwa yanakaribia, na ardhi ile ilikuwa imekanyagwa miaka thelathini. Ilihitaji kulimwa mapema, ipigwe na jua, kisha ilimwe tena. Mwenyekiti alikuwa mtu wa taratibu. Akasema, "Ndugu mpima, ukitupimia kesho, keshokutwa majembe yanaingia."

Majembe yakiingia keshokutwa, Jumamosi ya wiki ya pili, siku ya mchezo wetu, hakuna shimo hata moja. Nikamwambia mnyororo wangu umevutika, nimeupeleka Tanga ukakaguliwe, maana nisingependa kumpunja mtu hata hatua moja. Mnyororo huvutika kweli ukitumiwa sana, na hukaguliwa kweli. Uongo wangu wote ulikuwa kwenye neno Tanga. Mnyororo ulikuwa chini ya kitanda changu, ndani ya mfuko wake wa turubai.

Mwenyekiti aliniamini papo hapo, akanishukuru kwa uangalifu wangu. Afadhali angebisha, aibu yangu ingepungua.

Siku kumi zile sitazisahau. Kila nilipotoka nilikutana na mtu wa kuniuliza kama mnyororo umerudi. Akina mama waliniamkia shikamoo wakaniuliza. Mzee mmoja aliyekata mkonge maisha yake yote alikuwa ameshatia mpini mpya kwenye jembe, akanionyesha. Nilijibu kwamba bado, na nikitoka hapo nilikwenda uani kusukuma mipira yangu mia. Mke wangu hakuniuliza hata mara moja. Nilidhani hajali. Sikukumbuka kabisa kwamba chini ya kitanda kile ni yeye aliyekuwa akifagia.

Jumamosi asubuhi milima ya Usambara ilikuwa imefunikwa na wingu zito, na joto lilikuwa la kubana kifua. Fundi mkuu alifika amevaa suti ya safari, kwa kuwa nguo nyingine zilikuwa zimefungwa. Tukaanza. Sikuwa nimewahi kucheza vizuri namna ile, wala vibaya namna ile. Shimo moja nilikuwa na akili zote, linalofuata niliona majembe. Mzunguko wa pili tulipofika shimo la nne, watu walianza kuonekana pembezoni mwa uwanja. Walikuwa wachache, wakaongezeka. Hawakupiga kelele. Waliona mawingu kama tulivyoyaona sisi, wakaja na majembe yao kusubiri, kwa matumaini tu kwamba mnyororo ungefika kwa treni ya asubuhi. Fundi mkuu akauliza kama kuna mkutano. Nikasema sijui.

Baada ya mashimo kumi na saba nilikuwa na mapigo sabini na mawili. La mwisho nilihitaji manne, basi. Pigo la kwanza lilikwenda sawa. La pili likapungua, likaanguka hatua thelathini kutoka shimoni, umbali ule ule niliokuwa nimejizoeza Kwedizinga. La tatu nililipiga vizuri, mpira ukasimama hatua tano kutoka shimoni. Nikachukua ubao wa kusawazishia.

Nikiwa nimeinama naburuta, nikasikia chuma kikigonga ardhi. Sauti ile naijua hata usingizini. Niliinua kichwa. Mke wangu alikuwa amesimama ukingoni mwa brauni na jembe begani, na miguuni pake ameweka kikapu, na ndani ya kikapu mfuko wa turubai.

Watu wote walikuwa nyuma yake. Mwenyekiti naye alikuwepo. Nilisubiri mke wangu aseme.

"Baba, mnyororo umerudi kutoka Tanga," akasema, kwa sauti ya kusikika na wote. "Nimekuletea."

Mwenyekiti akatabasamu, akasema kazi ianze basi. Tone la kwanza la mvua likaanguka kwenye njia niliyotoka kuisawazisha, likatoboa kitundu mchangani. Likafuata la pili. Kanuni ni kuburuta mara moja tu.

Hapo ndipo nilipopaswa kuuacha ule mpira. Sikuhitaji kufikiri sana kulijua hilo. Mke wangu alikuwa ameninunulia heshima yangu mbele ya kijiji kizima, na bei yake ilikuwa ni mimi kuweka fimbo chini na kuokota mnyororo. Watu sitini walikuwa wamesimama kwenye mvua wananisubiri. Mimi nikainua kidole, nikawaomba wangoje kidogo. Niliinama juu ya mpira ule, nikahesabu pumzi kama nilivyokuwa nikihesabu uani, nikasukuma. Ulipita kando ya kitundu cha kwanza, ukagonga cha pili, ukayumba, ukaingia.

Hakuna aliyepiga makofi, kwa kuwa hakuna aliyejua ni nini kimetokea. Fundi mkuu alitia saini kadi kwa haraka kabla haijalowa, akanipa mkono, akasema hongera, Bwana Vipimo. Nilifurahi. Lazima niliseme hilo pia: kwa muda wa pumzi tano hivi nilifurahi kuliko siku ya harusi yangu. Kisha nikageuka, nikakuta mke wangu ameshafungua mfuko na kunyoosha pete ya mwanzo ya mnyororo, anasubiri nishike pete ya mwisho.

Tulipima mpaka jioni, tumelowa. Sehemu yake iliangukia lilipokuwa shimo la saba.

Mvua ile haikungoja mtu. Wenye mashamba upande wa mtoni, waliolima mapema, walipanda siku ya pili yake. Watu wa uwanja wa gofu ndipo walipoanza kuvunja ardhi iliyoshikamana kama sakafu, wakapanda wiki mbili nyuma. Mwaka huo masika yalikatika mapema. Mahindi ya mtoni yalikuwa yameshabeba. Ya kwetu yalikuwa ndiyo kwanza yanatoa mbelewele. Yalisimama shambani yamekauka, marefu, mazuri kwa macho, hayana kitu.

Jina langu liliandikwa. Nililiandika mwenyewe kwa rangi nyeupe Jumapili ile kabla ya treni, fundi mkuu akiangalia herufi zisipinde, na namba nne mbele yake. Klabu ilipogeuzwa kuwa ghala la kijiji, ubao ule uling'olewa ukatengenezwa kuwa mlango. Kila aliyekwenda kupeleka mavuno alisoma jina langu. Baada ya hapo sikucheza tena. Hapakuwa na pa kuchezea, wala wa kucheza naye.

Siku ya kuvuna nilikwenda kumsaidia mke wangu. Tulijaza gunia moja na nusu pale tulipotarajia sita. Tuliketi kwenye kivuli cha uzio wa mkonge, na mimi nikaanza kusema yale niliyokuwa nimeyapanga tangu Machi, kwamba najua alijua, na kwamba nisamehewe. Alinisikiliza mpaka mwisho huku anapukuchua gunzi dogo kama kidole.

"Uliniambia mchezaji mzuri ni yule anayepunguza msaada," akasema. "Umepunguza."

Akasimama, akajitwisha lile gunia la nusu. Mimi nikabeba lililojaa, nikamfuata nyuma mpaka ghalani, na mlangoni nilimwacha atangulie kuingia.