Mashine Iliyokula Kravati ya Pasta

Bandugu, mucheke tu, mi mwenyewe nimeshacheka.

Kwaya yetu ya kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, hapa Malawi, ilinituma mjini Lilongwe nichague mashine ya kufunga vitabu vya nyimbo, ile inayotoboa karatasi na kuzishika kwa meno ya plastiki. Mi njo katibu. Ili wauzaji wasinidharau, niliazima kravati ya Pasta, ile tai yake nyekundu, nikaivaa.

Katika duka moja la mtaa wa Area 36 nilikuta mashine mbili. Muuzaji, mama wa Kirundi, akataka kunieleza tofauti zake.

"Mama, usisumbuke," nikamwambia. "Kule Bukavu nilitumika katika biro, ofisi kubwa."

Ni kweli nilitumika katika biro. Nilikuwa nafagia.

Nikainama karibu kabisa nione ni ipi iko na meno makali, nikavuta mkono wa mashine kwa nguvu. Kruu! Nilipotaka kusimama, shingo ikagoma. Kravati ilikuwa imeingia ndani.

"Hii njo nachukua," nikasema, bado nimeinama. "Inatoboa muzuri."

Yule mama alicheka mpaka akakaa chini, kisha akainua mkono wa mashine kunitoa.

Nilifunga koti mpaka kidevuni kuificha kravati, nikarudi Dzaleka nikitiririka jasho. Nikakuta kwaya yote inanisubiri kanisani na ngoma. Walipoiona mashine wakaanza kuimba na kucheza. Pasta akanikumbatia, akaninyanyua juu, na vifungo vya koti vikaachia.

Pasta akaishika kravati yake, akayatazama matundu ya mashine, moja baada ya jingine.

"Katibu," akasema, "meno ya plastiki umeleta? Basi tuanze kufunga na hii."