Jibu Lisilo na Mwito

Mama yangu alizaliwa Mumias katika nyumba ya Waislamu, akaolewa huku Lurambi kwa watu wa kanisa, na katika yote aliyoyaacha kwao, kuna jambo moja alilokataa kuliacha: adabu ya kuitika. Mtoto wa kiume akiitwa aseme "Naam." Wa kike aseme "Abee." Watoto wa majirani waliitika "Eeh" au "Nini?" na hawakupigwa. Sisi tulipigwa. Shuleni nilichekwa sana kwa hiyo abee yangu, nikamnunia mama wiki nzima, halafu nikazoea.

Upande wa baba kulikuwa na sheria nyingine, na hii tulifundishwa na shangazi. Ukisikia jina lako linaitwa na humwoni anayeita, nyamaza. Ngoja uitwe mara ya pili. Walio hai hurudia. Wale wengine huita mara moja tu. Tukakua katikati ya sheria hizo mbili, na mdogo wangu wa kiume, mtu wa haraka katika kila kitu, akachagua ya mama. Ulikuwa ukimwita hata akiwa ndani kabisa ya migomba, unasikia naam kabla hujafunga mdomo.

Nayaeleza haya mapema kwa sababu bila hayo mambo ya ile albamu yataonekana kama habari za mizimu, na mimi si mtu wa mizimu. Mimi ni mtumishi wa serikali. Nashinda ofisini mjini na mihuri na faili, na wenzangu wanasema nina mdomo mkali.

Mdogo wangu alipiga gitaa la umeme. Si lile la kanisani la kubembeleza sadaka. Lake lilinguruma. Muziki wa rock una wapenzi wachache sana Kakamega. Ungewakusanya wote ukawaketisha kwenye benchi mbili. Hotelini walimwomba apunguze sauti, na harusini hawakumwita kabisa. Mama aliuita "hiyo kelele" hata mbele ya wageni. Alikuwa akijirekodi mwenyewe ndani ya isimba yake, ile nyumba ndogo ya kijana wa kiume, iliyotazamana na mlango wa jikoni. Alirekodi mchana, kabla ya mvua, maana mvua yetu ikishapanda juu ya mabati huwezi kurekodi hata kikohozi chako.

Kisha akashikwa na homa ya mapafu. Aliingia hospitali akitembea kwa miguu yake, tukamrudisha nyumbani ndani ya jeneza. Nimejaribu kuandika zaidi ya hapo na nimeshindwa.

Rafiki yake aliyempigia besi ndiye aliyekusanya rekodi zake. Alizitoa kwenye kompyuta na kwenye kadi ndogo za simu zilizotapakaa ndani ya mfuko wa gitaa: nyimbo ambazo hazikuwahi kutoka, nyingine hazina hata jina. Alikaa nazo miezi, akizisafisha na kuziunganisha ziwe albamu. Siku chache kabla ya kuziachia mtandaoni, akaja nyumbani na spika, ili mama awe wa kwanza kusikia.

Mama alikuwa anapukuchua mahindi. Alisikiliza kwa heshima, kama mtu aliye kwenye mkutano wa chifu, bila kuelewa na bila kulalamika. Wimbo wa kwanza ukapita, na wa pili, na zilizofuata. Katika wimbo wa tano gitaa lilianza chini, likapanda, likazidi kupanda, halafu likakatika ghafla. Kimya. Kisha sauti ya mdogo wangu, karibu kabisa, kama vile yuko nyuma ya kochi:

"Naam, mama?"

Mama akainua kichwa. Kimya kingine kikapita. Halafu ile sauti ikasema, "Haya, mama." Kiti kikalia, gitaa likaendelea.

Mama alitutazama mmoja baada ya mwingine, gunzi likiwa mkononi. "Nani amemwita?" akauliza. "Mbona anaitika na mimi sijaita?"

 Ilikuwa mchana kweupe, kuku wako uwanjani, jua linawaka, na mimi nilijikuta nimegeuka kutazama nyuma ya kochi.

Nilimsindikiza yule mpiga besi hadi getini nikambana.

"Pale kabla ya naam kulikuwa na nini?"

"Aah, dada, nilisafisha tu. Kulikuwanga na kelele za nyuma. Kuku, masufuria, na mtu fulani anapiga nduru huko jikoni."

"Huyo mtu fulani ni mama yangu."

Akashika kichwa. Maskini, hakujua. Akanieleza kwamba kompyuta ina namna ya kufuta kelele zilizo mbali na kubakiza sauti iliyo karibu na maikrofoni. Mama alifutwa pamoja na kuku wake. Mwanawe akabaki, anamwitikia mtu asiyekuwepo. "Lakini imekaa poa, dada," akasema kwa sauti ya chini. "Inaogopesha vizuri."

Na kweli iliwaogopesha. Albamu ilipotoka, watu ambao hawajawahi kukanyaga Kakamega waliandika kwamba wimbo wa tano umewasimamisha nywele. Mmoja akaandika kuwa marehemu alishaanza kusikia akiitwa kutoka ng'ambo ya pili. Nilitaka kumjibu kwamba alikuwa anaitwa kula ugali, nikaacha.

Nikiri hata mimi ule wimbo haukuniacha. Siku moja ofisini, wenzangu wakiwa wametoka kwa chakula, nilivaa vipokea sauti nikauweka. Ulipofika pale pa kimya, nikalitaja jina lake, polepole, jina la nyumbani. Akaitika hapo hapo. "Naam, mama?" Nikavua vile vitu nikavitupa mezani. Niliona aibu, kama mtu aliyepokea simu isiyo yake.

Mama akaniomba nimwekee wimbo huo mmoja kwenye simu yake na nimwonyeshe jinsi ya kuuanzisha. Nilifurahi. Nilifikiri hatimaye ameanza kuupenda muziki wa mwanawe.

Wiki kadhaa zilipita, siku moja nikatoka kazini mapema kwa sababu umeme ulikuwa umepotea jengo zima. Nilipofungua geti la nyumbani nikamsikia mama jikoni akiita. Aliita jina la mdogo wangu vile alivyoliita siku zote, akiivuta silabi ya mwisho kama anavuta ng'ombe. Na kutoka ndani ya isimba, mlango ukiwa wazi, akaitika.

"Naam, mama?"

"Kuja ukule, obusuma inapoa!"

"Haya, mama."

Nilisimama, mguu mmoja ndani na mwingine nje. Nataka niseme ukweli hapa: kilichokuja kwanza si hofu. Kilichokuja kwanza ni furaha. Kwa muda mfupi sana nilikuwa na mdogo wangu tena, mvivu yule yule anayesema haya na haji. Hofu ilikuja baadaye, gitaa lilipoanza kulia na mama akavuka uwanja upesi kwenda kuizima simu.

Nilimkuta amerudi jikoni. Sahani mbili zilikuwa mezani, zimefunikwa. Ameketi, mikono mapajani.

"Unangoja nini, mama?"

"Amesema haya."

"Mama."

"Umesikia mwenyewe. Au hukusikia?"

Nikafunua sahani. Ugali, huo obusuma wake, ulikuwa umeanza kushika ngozi. Ndipo ikanijia kwamba hili jambo lina wiki kadhaa. Kila mchana alimwita, kila mchana akaitikiwa vizuri, kwa adabu yote, na kwa kuwa aliyeitwa ameshasema anakuja, mama hakuweza kuanza kula kabla yake. Kwao Mumias hawafanyi hivyo. Chakula kilipoa kikapewa kuku. Jioni nikimpakulia alinisukumia sahani: "Mimi nakulanga mchana." Nikamtazama vizuri. Mifupa ya mabega ilikuwa imejitokeza, na leso ilimzunguka kiunoni mara mbili na kubaki.

Nilipaza sauti. Nilisema maneno ya daktari, maneno ya wazimu, kila kitu. Akaniacha nimalize.

"Wewe ulikuwanga unaitika kwa kuogopa kiboko," akasema. "Yeye aliitika kwa kupenda. Sasa anaitika, na unataka ninyamaze?"

Nikaifunika tena ile sahani.

Habari zikamfikia shangazi, yule wa kungoja kuitwa mara ya pili. Akaja hata hakuketi. "Mtu akishazikwa haitwangi," akamwambia mama. "Unamsimamisha njiani. Itareta mambo kwa hii boma. Hiyo simu mtupe kwa choo, na hiyo nyumba ivunjwe." Nilimjibu kwamba choo ni chetu na simu ni ya mama, akaondoka amekasirika. Lakini usiku huo na siku zilizofuata, maneno yake yalinikaa. Nilimwona mdogo wangu amesimama katikati ya uwanja, ameitwa huku, anatakiwa kule, na kwa adabu yake hawezi kumpa mama mgongo. Kila siku mama alizidi kukonda, na kila siku nilizidi kuamini kwamba mmoja wao atamfuata mwenzake, na anayeweza kutembea ni mama.

Nikampigia mpiga besi. Nilimtaka alete rekodi ya kwanza kabisa, ile ambayo hajaigusa. Nilijua ninachofanya, au nilidhani najua: mama akiisikia sauti yake mwenyewe humo ndani, lile pengo litakuwa limezibwa, hatapata pa kuingilia.

Akaja Jumapili. Tukaketi sebuleni watu watatu. Akabonyeza, na nyumba ikajaa mchana mwingine: kuku, sufuria, mtu anakohoa, gitaa linapanda. Kisha, kwa mbali, sauti ya mama. Ilikuwa nene, ya mwanamke aliyeshiba na mwenye hasira kidogo. Iliita jina. "Wacha hiyo kelele ukuje ukule!"

"Naam, mama?"

"Ugali inapoa!"

"Haya, mama."

Mama alitazama spika. "Huyo alikuwa na nguvu," akasema, kana kwamba anamzungumzia jirani aliyehama.

Lakini rekodi haikuishia hapo. Mpiga besi alinyoosha mkono aizime, mama akamzuia. Kiti kililia. Gitaa likaanza tena kutoka chini, likapanda, likafika mahali likatetereka. Likarudi mwanzo. Likapanda, likatetereka pale pale. Mara ya tatu halikufika hata hapo. Tukasikia mdogo wangu akishusha pumzi.

"Ah," akasema peke yake. "Imepotea."

Halafu mvua ikaanza juu ya mabati, na ikawa ni mvua tu. Nilichukua muda kutambua kwamba hata nje kunanyesha, na sikuweza kujua ipi imeanza kwanza.

"Nini imepotea?" mama akauliza.

Mpiga besi alitazama sakafu. "Ile alikuwa anatafuta, mama. Kuna mahali alikuwa anafika. Aliipata siku ingine. Ile sehemu mimi nilichukua hapo nikaunganisha, ndio wimbo ukaisha vizuri."

"Siku ingine sikumwita?"

"Labda ulikuwa umeenda soko."

Mama alinyanyuka akaenda kuanua nguo ambazo zilikuwa zimeshalowa. Nilimwona akisimama kwenye kamba, mvua inampiga, anatoa vibanio kimoja kimoja. Nikajua nimeharibu. Nilikuwa nimemwongezea jiwe juu ya mzigo.

Kesho yake niliomba ruhusa nikabaki nyumbani. Sikumwambia sababu na hakuuliza. Alipika kama kawaida, ugali na mboga za kienyeji, akapakua sahani mbili. Kisha akaniona naangalia, akaongeza ya tatu. Akavuka uwanja, akaingia isimba, akaanzisha simu. Ulikuwa ule wimbo wa albamu, wenye pengo. Nikasikia gitaa likianza chini. Mama akarudi, akasimama mlangoni pa jikoni akiwa ameshika fremu. 

Gitaa likapanda. Likakatika.

Mama akamwita kwa jina lake, akivuta ile silabi ya mwisho.

"Naam, mama?"

"Usikuje, baba," mama akasema. Hakupiga kelele. "Wewe piga tu."

Kimya kikawa kirefu kuliko nilivyokizoea. Nimekisikiliza mara nyingi tangu siku ile na najua hakikuongezeka hata kidogo. Rekodi ni ile ile. Lakini siku ile tulingoja.

"Haya, mama," akasema mdogo wangu.

Kiti kikalia, gitaa likaanza, na mama hakwenda kulizima. Liliruka pale pa kutetereka likaendelea juu, huko ambako mama hakuwahi kumwacha afike, likakaa huko likilia, mpaka sufuria zikawa zinaitikia kwenye rafu. Mama alinawa mikono. Akaketi, akaivuta sahani yake, akakata tonge, akala. Akakata lingine. Machozi yalimtiririka na taya lilikuwa linatafuna.

"Kula," akaniambia. "Inapoa."

"Abee," nikasema, ingawa hakuwa ameniita.